Thamani ya Mchezo Mfupi wa Kuigiza

Katika historia ya sanaa ya maigizo, mchezo mfupi umekaa siku nyingi penye kizingiti cha nyumba: haukufukuzwa, wala haukukaribishwa ndani. Katika majumba ya michezo ya London katika karne ya 19, mchezo wa sehemu moja ulichezwa kabla ya mchezo mkubwa, ili watu wa viti rahisi wapate cha kutazama wakati wenye viti vya fedha nyingi wangali mezani wakila chakula cha jioni. Kazi yake ilikuwa kungojea watu. Si ajabu, basi, kwamba wahakiki wengi waliupima kwa dakika zake, wakaupa heshima iliyolingana na dakika hizo.

Kipimo hicho kilikuwa na kasoro. Shairi halipungui kwa sababu si utenzi, wala methali haishindwi na hotuba kwa uchache wa maneno. Mwaka 1904, mjini Dublin, mchezo wa J. M. Synge uitwao Riders to the Sea ulionyesha jiko moja katika visiwa vya Aran, na ndani yake bibi kizee ambaye bahari imemnyang'anya mume na wana wake wa kiume mpaka wa mwisho. Mchezo huo una sehemu moja tu, lakini hakuna mtu wa pwani yoyote atakayeuona msiba wake kuwa mdogo. Katika Kiswahili, Ebrahim Hussein alitoa mwaka 1970 kitabu chenye michezo miwili, Wakati Ukuta na Alikiona; na katika huo wa pili alitumia mwendo wa kichekesho, mchezo mfupi wa mzaha uliozoewa pwani katika maonyesho ya taarabu. Hivyo ufupi ulikuwa mali ya watu kabla haujawa mali ya vitabu.

Lakini kama msomaji ataka kujua mchezo mfupi unaweza kubeba mzigo gani, na autazame ulipobebeshwa mzigo mzito kuliko kawaida, yaani katika nchi ya Chekoslovakia baada ya mwaka 1968.

Mwezi wa Agosti mwaka huo majeshi yaliyoongozwa na Urusi ya Kisovieti yaliingia nchini humo, yakazima matengenezo ya siasa yaliyokuwa yameanza. Miongoni mwa watu walionyamazishwa alikuwamo Václav Havel, aliyezaliwa Prague mwaka 1936, ambaye michezo yake mirefu, The Garden Party wa mwaka 1963 na The Memorandum wa mwaka 1965, ilikwisha kumpa jina. Vitabu vyake viliondolewa katika maktaba, na majumba ya michezo ya nchi yake yakafungwa mbele yake. Mwaka 1974 alifanya kazi katika kiwanda cha bia katika mji wa Trutnov, akibingirisha mapipa.

Katika kazi hiyo ulitoka mchezo wa Audience, aliouandika mwaka 1975 kwa ajili ya kuwaburudisha rafiki zake. Hapakuwa na jukwaa wala pazia. Palikuwa na nyumba yake ya shamba na wageni waliokuja kusikiliza. Umbo la mchezo lilifuata hali hiyo. Wachezaji ni wawili, chumba ni kimoja, na vyombo ni meza, viti na chupa za bia. Mtungaji aliyenyimwa jukwaa alitunga mchezo usiohitaji jukwaa. Dhiki ilichagua umbo, na umbo likageuza dhiki kuwa nguvu.

Habari yenyewe ni hii. Mwandishi aitwaye Vaněk, aliyeshuka mpaka kuwa mtumishi wa kiwanda, anaitwa na msimamizi wake ofisini. Msimamizi anakunywa bila kukoma, na kumhimiza Vaněk anywe pia. Maneno yanazunguka, yanarudi, yanapotea, kama maneno ya mlevi yalivyo. Kidogo kidogo haja inajitokeza. Polisi wa siri wanamtaka msimamizi apeleke taarifa juu ya Vaněk kila juma, naye hana tena cha kuandika. Basi anatoa shauri: Vaněk mwenyewe, maadamu ni mwandishi, na aandike taarifa hizo; kisha atapewa kazi nyepesi ya ghalani, mahali penye joto. Vaněk anashukuru kwa adabu, anasema hawezi kujichongea mwenyewe.

Mtungaji dhaifu angeukomesha mchezo hapo, mwema amesimama juu na mwovu amelala chini. Havel alifanya jambo gumu zaidi. Alimpa msimamizi ghadhabu iliyo na haki ndani yake. Msimamizi analalamika kwamba wasomi wana misimamo, na misimamo yao huwaletea sifa. Lakini yeye, mtu wa mapipa, nani atamjali? Vaněk ana siku ya kurudi kwa waigizaji na marafiki zake. Yeye hana pa kurudi. Analia, kisha usingizi wa ulevi unamchukua. Shtaka hilo limeelekezwa kwa Vaněk, na Vaněk amefanana mno na mtungaji. Kwa hiyo mtu aliyedhulumiwa na dola aliutumia mchezo wake kuwahoji watu wa upande wake, naye akiwa wa kwanza kuhojiwa. Mchezo uliotungwa kwa kusudi la kulaumu serikali peke yake ungalikufa pamoja na serikali hiyo. Huu umeishi, kwa sababu swali la msimamizi huulizwa popote palipo na msomi na mtu wa kazi ya mikono.

Mwisho wake ni fupi na wa kutisha kimya kimya. Vaněk anatoka; msimamizi anaamka; mlango unabishwa, naye Vaněk anaingia kama alivyoingia mwanzo. Ila sasa anaipokea bia bila kusita, na anasema kama msimamizi alivyosema. Je, ameshindwa, au amejifunza kuwa mwenziwe? Mchezo haujibu. Mchezo mrefu una nafasi ya kueleza. Mchezo mfupi hauna, na mara nyingi ukosefu huo ndio unaomlazimisha mtazamaji kuimaliza kazi mwenyewe.

Mwaka 1976 Audience ulichezwa Vienna katika jumba la Burgtheater, mbali na watu ulioandikiwa. Nyumbani ulikwenda kwa njia ya nakala za taipu zilizopitishwa mkono kwa mkono, na mwaka 1978 sauti za Havel mwenyewe na mwigizaji Pavel Landovský katika mchezo huo zilitolewa katika sahani ya santuri nchini Sweden. Havel alisimulia baadaye kwamba alipata kumchukua msafiri katika gari lake, naye, bila kumjua mwenye gari, akaanza kumsomea maneno ya mchezo huo. Waandishi wengine, kama Pavel Kohout na Jiří Dienstbier, walimwazima Vaněk wakamtungia michezo yao. Mchezo wa kurasa chache ulikuwa umekuwa jamaa ya watu.

Mwaka 1979 Havel alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Mwaka 1982, katika tamasha la Avignon nchini Ufaransa, wasanii walifanya usiku wa heshima kwa ajili yake, na Samuel Beckett, Mwairishi aliyeishi Paris, akatoa mchezo wa Catastrophe, akautabaruku kwa jina la mfungwa huyo. Mtu amesimama juu ya kijukwaa, kimya, kichwa ameinama. Mwongozi wa mchezo, amevaa koti la manyoya, anamwamuru msaidizi wake amtengeneze mtu huyo kama sanamu: mikono hivi, nguo hivi, ngozi iwe nyeupe zaidi. Msaidizi anauliza kama mtu huyo angeinua kichwa. Mwongozi analikataa wazo hilo kwa dharau. Kazi inakwisha, makofi ya watazamaji wasioonekana yanasikika. Ndipo mtu yule anainua kichwa, anawakazia macho. Makofi yanalegea, yanakufa.

Katika tendo hilo moja muna hukumu mbili. Ya kwanza inawaangukia watawala wanaomfanya binadamu kuwa kitu. Ya pili inawaangukia wale waliokuja usiku ule kwa moyo mwema, maana makofi yao nayo yaweza kuufanya mateso ya mtu kuwa tamasha. Beckett hakumwepusha rafiki na swali hilo. Hapo alikutana na Havel, ingawa mmoja alikuwa gerezani na mwingine huru.

Havel alitolewa gerezani mwanzoni mwa mwaka 1983, na mwaka huo huo aliandika mchezo mfupi sana uitwao Mistake, uliochezwa Stockholm pamoja na Catastrophe. Humo wafungwa wenyewe ndio wanaomtesa mfungwa mgeni kwa kuvunja kanuni ndogo. Ubaya umehama kutoka ofisini, umeingia chumba cha wanyonge.

Haifai kudai kwamba michezo hii iliangusha serikali. Mambo mengi yaliiangusha mwaka 1989, na tarehe 29 Desemba mwaka huo Havel alichaguliwa kuwa Rais. Lililo hakika ni dogo zaidi, lakini lina uzito: kwa miaka kumi na minne mchezo wa chumba kimoja uliwawezesha watu waliotengwa kutambuana kwa maneno waliyoyajua pamoja, na haukuwadanganya kwamba wao ni watakatifu.

Mwanafunzi akiuchukua mchezo mfupi mkononi, na asiulize umechukua dakika ngapi. Na aulize ni nini kilichoachwa nje kwa makusudi, ni nani aliyepewa maneno ya haki ingawa ni adui, na mtazamaji ameachiwa kazi gani pazia likishuka. Mchezo unaostahimili maswali haya matatu umestahili kuketi ndani ya nyumba pamoja na wakubwa wake.