Nyumba ya Sajini

Huenda, msomaji, wadhani ya kuwa kijiji kikitaka kumheshimu mwandishi wake hutafuta jambo la fahari kuliko yote katika maisha yake. Basi twende Cootehall, kijiji kidogo kando ya mto Boyle, katika jimbo la Roscommon, nchi ya Ayalandi. Hapo pana nyumba iliyokuwa kituo cha polisi, nayo leo ni makumbusho ya John McGahern, mtunzi wa riwaya.

McGahern alizaliwa mwaka wa 1934. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake, sajini wa polisi, alikaa peke yake kituoni. Mwaka wa 1944 mama alifariki kwa saratani, na John, mwenye umri wa miaka 9, akahamia kituoni pamoja na ndugu zake sita. Baba alikuwa mkali kupita kiasi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga. Lakini jirani mmoja alimfungulia kijana huyo maktaba yake, achukue vitabu atakavyo, naye akawa akivisoma ndani ya mashua mtoni.

Alipokuwa mtu mzima alifundisha shule mjini Dublin. Riwaya yake ya kwanza, The Barracks, iliyotoka mwaka wa 1963, yahusu mke wa sajini katika kituo kama kile. Ilisifiwa. Ya pili, The Dark, yaeleza mateso ya kijana mikononi mwa baba yake. Mwaka wa 1965 ilipigwa marufuku, na mwandishi akafukuzwa kazi. Mimi niliye mwalimu siwezi kulipita jambo hilo upesi. Mtu ananyang'anywa chaki kwa kuwa ameandika yale ambayo watoto wengi waliyajua na wakubwa waliyanyamazia!

Aliondoka nchini, kisha akarudi katika jimbo la Leitrim, jirani na Roscommon, akafuga ng'ombe na kuandika. Alifariki mwaka wa 2006, akazikwa Aughawillan kando ya mama yake.

Watu wa Cootehall wangaliweza kuiacha nyumba ile ianguke, na aibu yake ifunikwe na majani. Hawakufanya hivyo. Waliitengeneza, wakaifungua, na sasa mgeni hupita katika vyumba walimokulia watoto saba wasio na mama, akitoka nje auone mto ulioichukua mashua ya yule msomaji kijana.