Chunusi kwa wanawake watu wazima

Chunusi kwa wanawake watu wazima ni ugonjwa wa ngozi unaowapata wanawake wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Wengine huwa nao tangu kubalehe. Wengine huupata kwa mara ya kwanza ukubwani, hata baada ya kuzaa. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu au kuchelewa kuolewa. Unatibika, lakini kwa miezi, si kwa siku.

(Katika pwani ya Waswahili, chunusi ni pia jina la jini wa majini anayesemekana kuwazamisha waogaji. Makala hii inahusu ugonjwa wa ngozi tu.)

Jinsi zinavyotokea

Chini ya ngozi kuna tezi zinazotoa mafuta kupitia vinyweleo. Mafuta yakizidi na kuchanganyika na seli zilizokufa, kinyweleo huziba. Ndani yake bakteria aitwaye Cutibacterium acnes huongezeka, na ngozi huvimba na kutunga usaha. Kwa mwanamke mtu mzima vipele hutokea zaidi kidevuni, kwenye taya na shingoni, na mara nyingi huongezeka siku chache kabla ya hedhi.

Kwenye ngozi nyeusi kila kipele huweza kuacha baka jeusi linalodumu miezi mingi baada ya kipele chenyewe kupona. Kwa wanawake wengi baka hilo ndilo linalosumbua kuliko kipele.

Sababu

Sababu kuu ni homoni, hasa androjeni, zinazochochea tezi za mafuta. Mambo yafuatayo huchangia:

- urithi katika familia;
- ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari, ambao dalili zake nyingine ni hedhi isiyo na mpangilio, ndevu kidevuni na shida ya kupata mimba;
- njia za uzazi wa mpango zenye projestini peke yake, kama sindano na vijiti, kwa baadhi ya watumiaji;
- dawa nyingine, kama steroidi na isoniazidi ya kifua kikuu (mgonjwa asiache dawa hizo bila ushauri wa daktari);
- mafuta mazito usoni, yakiwemo mafuta ya nazi;
- joto na jasho jingi.

Si kila kipele ni chunusi. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wanaobangua korosho huweza kupata malengelenge mikononi na usoni kutokana na mafuta makali ya maganda yake. Hayo ni majeraha ya kuungua, na matibabu yake ni tofauti.

Kinga

Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, bila kusuguliwa kwa dodoki au jiwe. Kwenye pwani yenye minazi mingi kama ya Lindi na Kilwa, mafuta ya nazi ni kipodozi cha kila siku. Mwenye chunusi ayapake mwilini na kwenye nywele lakini ayaepushe na uso. Liwa inayosagwa juu ya jiwe kwa maji huupoza uso, lakini haiondoi chunusi. Vipele visikaminywe, kwa sababu kukamua huongeza makovu na mabaka. Kofia au mtandio unaokinga jua huzuia mabaka yasizidi kuwa meusi.

Hatari ya mkorogo

Kosa lenye madhara makubwa ni kutibu chunusi kwa mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, na nyingine haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku chache, hivyo mtumiaji huamini amepona. Baadaye ngozi huwa nyembamba, nywele huota usoni na chunusi hurudi kwa wingi kila krimu inapoachwa. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya rangi ya buluu na nyeusi, na zebaki huharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Tanzania. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Matibabu

Chunusi chache hutibiwa kwa dawa ya kupaka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 huua bakteria, ila huchujua rangi ya nguo na mashuka. Adapaleni na tretinoini huzibua vinyweleo na hupakwa usiku. Asidi ya azelaiki hutibu vipele pamoja na mabaka.

Chunusi nyingi huhitaji vidonge vinavyoandikwa na daktari: doksisaiklini kwa miezi isiyozidi mitatu hivi, vidonge vya majira vyenye homoni mbili, au spironolaktoni. Vidonge vya majira vya aina hiyo havimfai mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuganda damu mishipani. Chunusi sugu zinazoacha makovu hutibiwa kwa isotretinoini.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Kuacha dawa kabla ya hapo ni kuikatisha kabla haijafanya kazi.

Wakati wa ujauzito

Isotretinoini husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto. Haitumiwi na mjamzito, na anayeitumia hujikinga na mimba hadi mwezi mmoja baada ya kuiacha. Adapaleni, tretinoini, doksisaiklini na spironolaktoni nazo huepukwa. Asidi ya azelaiki huhesabiwa kuwa salama.

Mahali pa kupata huduma

Tanzania ina madaktari bingwa wa ngozi wachache, na wengi wako mijini. Kituo cha kufundisha matabibu wa ngozi kilianzishwa KCMC, Moshi, mwaka 1992, na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mkazi wa Mingoyo, karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja, huanzia zahanati au kituo cha afya, na akihitaji rufaa huelekezwa Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Ni vizuri aende na makopo ya krimu alizokwisha kutumia, ili tabibu ajue kilichopakwa usoni.