Wanamgambo: Neno Moja, Historia Mbili

Makala haya yanajadili nafasi ya wanamgambo katika vita vya Afrika Mashariki kwa kulinganisha Tanzania ya 1978–1979 na Rwanda ya 1994. Hoja yake ni kwamba Kiswahili hutumia neno moja kwa makundi mawili yaliyotenda kazi tofauti kabisa, na kwamba jambo hilo linawahusu wanaoandika na kutafsiri historia mjini Kigali.

Wahenga walisema, la mgambo likilia lina jambo. Asili ya neno, basi, ni mbiu ya kuwaita watu. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa muda mfupi baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda, ulifanya mafunzo ya mgambo kuwa sehemu ya ulinzi wa mapinduzi. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, maelfu ya wanamgambo waliingizwa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wakapigana chini ya makamanda wake hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Interahamwe lilikuwa tawi la vijana la chama cha MRND. Jina hilo la Kinyarwanda limebeba neno *hamwe*, yaani pamoja. Nalo pia linawaita watu. Vijana wake walipewa mafunzo na silaha, na kuanzia tarehe 7 Aprili 1994 waliweka vizuizi barabarani mjini Kigali, wakakagua vitambulisho vilivyoonyesha kabila na kuwaua Watutsi. Wakati RPF ikipigana na jeshi la serikali hadi kuutwaa mji tarehe 4 Julai, kazi kuu ya Interahamwe ilikuwa kuua raia.

Makundi yote mawili yalitoka miongoni mwa wenyeji. Nchini Rwanda, wenyeji huo ulirahisisha mauaji, kwa kuwa muuaji alimjua jirani yake na nyumba yake. Kwa hiyo kinachoyatofautisha ni amri: nani aliyewaita watu, na dhidi ya nani.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Tunapendekeza kwamba katika mitaala na tafsiri, neno *wanamgambo* lisisimame peke yake. Litajwe pamoja na chombo kilichowaamuru na watu waliolengwa. Msomaji wa Dodoma anayemjua mgambo kama mlinzi wa kijiji asipolipata fafanuzi hilo, atashindwa kuelewa kilichotendeka Kigali.