Leso Ilizaliwa na Sindano

Desemba iliyopita Mama alifungua boksi la mapambo akakuta panya wametutangulia kusherehekea. Zile tepe za kumetameta, nyekundu na kijani, zilikuwa zimebaki vipande. Za kununua zingine pesa hakuna. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, naandika hapa na pale kwa malipo ya kungojewa, na nyumba inaendeshwa na cherehani yake, ileile iliyonilipia karo.

Nikamwambia tushone vibendera vya pembetatu, tuvitundike kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikatoa leso moja ya marehemu nyanya: rangi ya chungwa, pindo la samawati.

"Hiyo si rangi ya Krismasi," Mama akasema.

Nikajiuliza, kwani nani aliamua?

Nyekundu na kijani zina kwao. Kaskazini mwa Ulaya, Desemba ni baridi na miti mingi imepukutisha majani. Kuna kichaka kinachobaki kijani, chenye vitunda vyekundu. Watu walikata matawi yake wakapamba nyumba, manake hiyo ndiyo rangi iliyokuwa nje. Hata mti wa Krismasi ni desturi ya Wajerumani; Uingereza ilianza kuuiga kwa wingi baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka wa 1848, picha ya Malkia Victoria na familia yake wameuzunguka.

Huku kwetu Desemba ni jua. Kuna mti unaochanua wakati huo, maua mekundu yanayokaribia chungwa, hadi watu wakauita mkrismasi, ingawa asili yake ni Madagaska. Juu yake, anga ya samawati. Yaani leso ya nyanya ilikuwa inajua msimu kutuliko.

Na leso yenyewe ilitoka wapi? Jina ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Walikata sita, wakavigawa vipande viwili vya vitatu vitatu, kisha wakaviunga kwa sindano upande mmoja. Likatoka vazi pana ambalo hakuna kiwanda kilikuwa kimelifikiria. Wenye maduka walipoona, wakaagiza ng'ambo kitambaa kilichochapwa kizima. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, likajulikana kwa leso zake za "Mali ya Abdulla". Baadaye yakaingia majina, yale maneno ya chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu za Kilatini.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiria. Sindano ilitangulia, kiwanda kikafuata. Wanawake hawakungoja kuambiwa nguo nzuri inafananaje. Walichukua walichopata dukani, wakakishona upya, na soko likawafuata.

Nilimweleza Mama haya yote. Akasikiliza, mguu juu ya pedeli.

"Historia hailipi kodi ya nyumba," akasema. Kisha akachukua makasi. "Na hapa usikate."

Alikuwa anaonyesha jina: SUBIRA YAVUTA HERI. Akalizunguka polepole, akalitoa zima. Mengine tukayafanya pembetatu: unaweka mbili, pande nzuri zikitazamana, unashona pande mbili, unageuza, unapiga pasi, unazipachika kwenye utepe. Mshono wangu wa kwanza ulikwenda kama barabara ya mtaani kwetu. Akaufumua bila kuniangalia.

"Rudia. Nguo haiharibiki kwa kufumuliwa."

Miezi minane hatukuwa tumezungumzia chuo. Hata siku hiyo hatukukizungumzia. Lakini tulishona mpaka saa sita usiku, na vibendera ishirini na vinne vikatoka.

Asubuhi alipigilia jina juu ya mlango kwa mkono wake. Jirani akapita, akaona chungwa na samawati zikipepea, akauliza harusi ni ya nani.

"Harusi gani?" Mama akamjibu. "Hujui rangi za Krismasi?"