Fizikia: kutoka Kianjai mpaka chuo kikuu

Leo naweka programu kando, nizungumzie historia. Mdogo wangu yuko kidato cha nne hapa Kianjai, na juzi aliniuliza: "Nikisoma fizikia mpaka mwisho, nitaajiriwa wapi?" Mimi niliikimbia fizikia nikasomea kompyuta, kwa hiyo swali lilinichoma.

Haya, tuanze mwanzo. Royal Technical College ilianza kufundisha Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1963 ikaungana na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya eksirei vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Lakini setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na waliorusha ni Waitaliano. Sisi tulitoa ikweta na jina.

Hadi Moi ilipofunguliwa 1984, tulikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma. Mwanafizikia aliyekosa nafasi Nairobi alienda kufundisha sekondari, au akapanda ndege.

Siku hizi vyuo ni vingi. Chuo cha Meru, hapo Nchiru, kilipata hati 2013 pamoja na Chuka. Embu ikafuata 2016. Kutoka Kianjai hadi Nchiru ni safari fupi ya matatu. Ila ngazi nayo imerefuka: vigezo vya 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilimtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Na akishaipata? Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9.

Je, nimwambie aache? Hapana. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hiyo tulishiriki kuibuni wenyewe, tukisaidiwa na Waitaliano na Wajapani.

Nimemwambia asome fizikia, ila ajifunze na kuandika programu, ili akisubiri kazi ya chuo asilale njaa. Kompyuta yangu ya zamani nishampa.

Tukutane tena, panapo majaliwa.