Kutoka Jasho la Tumbaku Hadi Mkopo: Karo ya Chuo Ilivyotafutwa Kuluba

Kuluba iko wilayani Koboko, katika eneo la West Nile, karibu na Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapakana. Kutoka huko hadi Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Umbali huo umeamua mengi kuhusu nani wa huku anasoma chuo kikuu na kwa fedha za nani.

Makerere ilipofunguliwa Kampala mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, serikali ya kikoloni iliihesabu West Nile kuwa hazina ya nguvukazi. Vijana walichukuliwa katika jeshi la King's African Rifles, wengine wakashuka kusini kukata miwa ya Kakira na Lugazi. Fedha walizorudi nazo zilinunua ng'ombe, zikalipa kodi, na hapa na pale zikamsomesha mdogo wao. Baadaye ikaja tumbaku. Kwa miaka mingi ndilo zao lililolipa karo West Nile: mavuno yakipimwa vizuri mtoto anarudi shule, yakikataliwa anakaa nyumbani akisubiri msimu mwingine. Mama na watoto walikuwa wakishika jembe, wakichuma majani na kuyakausha ili mmoja wao tu afike sekondari.

Aliyefika Makerere baada ya uhuru hakuwa na deni. Serikali ililipa masomo, chakula na malazi, ikaongeza nauli na posho ambayo wanafunzi waliiita bumu. Kazi kubwa ilikuwa kufika huko. Kisha vita ikaikatisha hata njia hiyo. Utawala wa Idi Amin, mwenye asili ya huku, ulipoangushwa mwaka 1979, West Nile ililipiziwa kisasi. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Kongo na Sudan, na Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na wanajeshi. Kizazi kizima kilipoteza miaka ya darasani, na miaka hiyo hakuna aliyeirudisha.

Familia zilikuwa bado zinajenga upya nyumba zao pale sera ilipogeuka. Kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, serikali ilifuta posho za wanafunzi. Makerere iligoma, na Desemba 1990 polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili. Mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanaojilipia. Mlango ulipanuka sana, lakini kwa mwenye fedha. Mkulima wa Kuluba, aliyetoka ukimbizini juzi tu, alitakiwa kushindana na mfanyabiashara wa Kampala.

Ahueni ya kwanza ilikuja mwaka 2005, mwaka ule ule Koboko ilipotengwa na Arua kuwa wilaya. Katika nafasi 4,000 zinazofadhiliwa na serikali kila mwaka, 896 zilitengwa kwa ajili ya wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Nia ilikuwa njema. Lakini malalamiko hayakukawia: watoto waliosoma katika shule kubwa za Kampala na Wakiso walijiandikisha kwa wilaya za wazazi wao na kuwapiku waliosomea vijijini. Naona malalamiko hayo ni ya haki. Nafasi ya wilaya ina maana ikimfikia aliyesoma bila maabara.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Muni kilipokea wanafunzi wake wa kwanza, nje kidogo ya mji wa Arua. Mwaka uliofuata sheria iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mikopo ya kwanza ikatolewa katika mwaka wa masomo 2014/15, ikitanguliza kozi za sayansi. Uganda ilichelewa: Kenya ilikuwa na bodi yake tangu 1995, na ya Tanzania ilianza kazi mwaka 2005.

Mkopo huo hulipa ada ya masomo, michango ya chuo na utafiti. Haulipi chumba wala chakula. Kwa mzazi wa Kuluba hilo ndilo jambo zito, kwa kuwa kupanga chumba Kampala na kula humo kwa miaka mitatu kunaweza kumshinda hata kama ada imelipwa. Ndiyo maana nasema Muni imemsaidia mzazi huyo kuliko sera nyingi zilizoitangulia: mwanafunzi anapanda gari la saa chache, unga na maharage vinatoka nyumbani.

Tangu 2016 Kuluba imekuwa pia kituo cha kuwapokea wakimbizi wa Sudan Kusini. Kwa wakimbizi uko ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Nafasi zake ni chache na waombaji ni wengi, lakini ni mlango ulio wazi kwa kijana mwenye alama nzuri.

Serikali iongeze chakula na malazi katika mkopo kwa wanaotoka wilaya za mbali. Wakuu wa shule za Koboko nao wasisubiri matokeo: waeleze wanafunzi wa kidato cha sita habari za nafasi za wilaya, mkopo na DAFI mapema, vyeti vikusanywe na fomu zijazwe kabla muda haujafungwa.