Mbuzi, Mashine na Fedha ya Sanduku

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimeeleza tulivyoanza, nani alishika ufunguo upi wa sanduku, na jinsi hisa zilivyokua haba na haba. Sisi tuliopewa ukurasa wa historia tumeona tuandike juu ya jambo dogo ambalo lilitula vikao vingi kuliko hata katiba yetu: je, fedha ya akina mama inunue chombo cha jikoni ambacho kazi yake ni moja tu? Kwetu sisi watu wa Pwani swali hilo lilikuja na sura yake. Lilikuja kama mashine ya umeme ya kukunia nazi.

Wapo watakaosema, hii nayo ni historia? Ndiyo, tena ni ya zamani kweli kweli.

Tuanze na mbuzi yenyewe. (Tunasema mbuzi hii, siyo mbuzi huyu, asije mgeni akaleta majani.) Ni vibao viwili vilivyopishana na kukunjwa kama kigoda cha safari, kimoja kimerefushwa mbele, na kwenye ncha yake pamepigiliwa ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji hukaa juu yake, uzito wake mwenyewe ndio unaoishikilia isitikisike, sinia liko chini ya ulimi, na nazi iliyopasuliwa huzungushwa kwa mikono miwili. Seremala wa mtaani huichonga, mhunzi hutengeneza ulimi, meno yakifa hunolewa kwa tupa. Haili mkaa wala umeme. Ukimaliza unaikunja na kuisimamisha nyuma ya mlango.

Chombo hiki hakikuanza jana. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alipita pwani hii karibu mwaka 1331. Alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kisha akavuka kwenda Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Huko Dhofar aliukuta mnazi na akaandika kwa urefu habari zake. Katika habari hizo anaeleza tui linavyopatikana: mtu hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, kuna fimbo yenye chuma kwenye ncha, nazi hutobolewa kiasi cha chuma kuingia, nyama ya ndani hukwanguliwa ikadondokea kwenye bakuli, halafu hutiwa maji mpaka yakapata rangi na ladha ya maziwa. Mama yeyote wa hapa akisomewa maneno hayo ataijua kazi inayosemwa, ingawa chuma chao walikishika mkononi na sisi chetu tumekipigilia kwenye ubao. Karibu miaka mia saba imepita, na mwanamume aliyezunguka dunia aliona kazi hiyo inastahili kuandikwa. Sisi tunaoifanya kila siku ndio huwa tunaiita "kazi ndogo ndogo za nyumbani".

Ukivuka bahari upande wa mashariki chombo hicho kinabadilisha jina tu. Watu wa Thailand wanacho, mtu anakaa juu yake vilevile, ila wao wanakiita sungura. Mnazi nao ulisafiri: uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki ni koo mbili, na kwamba koo hizo zimechanganyika Madagaska, Komoro na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kwenye njia za mabaharia wa kale kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo nazi tunayoibishania bei sokoni ina safari ndefu kuliko sisi sote.

Sasa tulipokuwa tunajadili ile mashine, neno lililorudiwa mno lilikuwa hili: "Kitu cha kazi moja ni anasa." Aliyeanza kulisema ni mwenzetu mmoja mtunza hazina, mwanamke makini ambaye shilingi haimpiti. Alikuwa na sababu. Sote tumewaona vijana wanaopanga vyombo vya plastiki kandokando ya barabara, wanakata karoti ileile tangu asubuhi, vipande vinatoka kama maua, umati unashangaa. Unanunua, unafika nyumbani, unakata karoti mara mbili, mara ya tatu kisu cha kawaida kiko karibu zaidi. Halafu kuna kikamulio cha machungwa katika nyumba ambayo chungwa humenywa na kufyonzwa, na mashine ya chapati ambayo chapati yake, tuseme ukweli, ni kama karatasi. Makabati yetu yana ushahidi wa kutosha.

Lakini bibi mmoja, mwanachama wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, aliuliza swali ambalo lilibadilisha kikao. Alisema: "Hivyo vyombo vya mama zenu vilikuwa na kazi ngapi?" Tukaanza kuhesabu. Mbuzi: kukuna nazi. Kifumbu cha ukindu: kukamua tui. Kawa: kufunikia chakula. Kinu ndicho kilichokuwa na kazi nyingi, kutwanga mpunga, mahindi, kisamvu. Na ungo kidogo. Vingine vyote vilikuwa vya kazi moja, na hakuna aliyeviita anasa. Mwali alikuwa anaolewa na mbuzi yake.

Basi tukaona kwamba hoja ya kazi moja peke yake haitoshi. Mbuzi haikudumu karne zote hizo kwa kuwa na kazi nyingi. Ilidumu kwa sababu kazi yake ile moja inarudi kila siku: wali wa nazi, maharage, samaki wa kupaka, kisamvu, mchicha, futari mwezi wa Ramadhani. Chombo cha kazi moja inayorudi kila jua linapozama si sawa na chombo cha kazi moja inayokuja sikukuu hadi sikukuu.

Jambo la pili lilijitokeza tulipoukumbuka mfano wa jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno. Lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likiwa limetoka kwenye majiko ya Thailand, na mafundi wa jua kali ndio waliolisambaza. Wengi wetu mama zetu walilitilia shaka, eti zito, eti udongo utapasuka. Lilishinda kwa sababu halikumdai mpishi abadilishe kitu: mkaa uleule, sufuria ileile, mahali palepale, ila mkaa ulitumika kidogo. Na likiharibika fundi yupo mtaani. Kwa hiyo tukaongeza swali katika daftari: likiharibika, nani analitengeneza?

Mashine ya nazi tuliifuata sokoni tukaitazama kwa macho. Ni mota, na kwenye mhimili wake kuna kichwa cha chuma chenye makali. Kinazunguka, wewe unashika nusu ya nazi na kuisukumiza. Kasi yake hakuna ubishi. Lakini mbuzi hungoja mkono wako, mashine haingoji. Ukizubaa inakwenda na kidole. Ukisukuma kupita kiasi inakwangua mpaka lile ganda la kahawia, na tui linakuwa na rangi ya matope. Na umeme ukikatika, kama tunavyoujua sisi, unabaki na nazi zilizopasuliwa na chuma kilichonyamaza.

Tukapiga hesabu, na hapa ndipo tulipotengana. Mkono uliozoea hukuna nazi moja kwa dakika kama kumi. Nyumba inayotumia nazi mbili kwa siku, ni dakika ishirini. Hiyo si kazi ya kukopea mashine. Lakini mwenzetu anayepika wali na maharage ya kuuza akikuna nazi ishirini, ni dakika mia mbili, yaani saa tatu na dakika ishirini, kabla hajawasha jiko. Ndiyo maana anaamka usiku wa manane. Kwa huyo, kusema "kitu cha kazi moja ni anasa" ni kumwonea.

Jamani, na kuna jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Kikao cha tatu, mwenzetu mmoja mwalimu, tena si msemaji sana, alisimama akasema: "Tunabishana bei kana kwamba sisi ndio tunaokuna. Majumbani mwetu wanaokuna ni watoto wa kike. Akitoka shule, begi chini, mbuzi. Kaka yake yuko uwanjani." Pakawa kimya. Kila mtu alikuwa anamwona wa kwake. Kumbe hizo dakika ishirini tulizoziita kidogo ni dakika za mtu, na mtu huyo hakuwa kikaoni kuzitetea. Wengine walikasirika, wakasema sisi sote tumekua hivyo na hatukufa. Mwalimu hakujibu kitu, alikaa.

Sisi tunaoandika tunaamini hicho ndicho kilikuwa kikao kikubwa kuliko vyote katika miaka hii kumi, kushinda hata siku ya mgao wa kwanza. Maana jibu lake halikuhitaji kununua chochote. Kwenye mikahawa mjini wanaokuna nazi ni wanaume, na kwenye shughuli vijana wa kiume wanapangwa mstari na mbuzi zao na hakuna anayecheka. Mikono wanayo. Tukakubaliana, bila ya kuandika katika katiba kwa kuwa katiba haiingii jikoni kwa mtu, kwamba nyumbani kukuna kuwe kwa zamu, wa kike na wa kiume.

Kuhusu fedha tuliandika masharti, na mpaka leo yapo kwenye daftari la mikopo. Mwanachama anayetaka mkopo wa chombo cha kazi moja, kiwe cha nazi au kingine, kwanza alipie kazi hiyo sokoni kwa miezi mitatu, akiandika kila siku amepeleka ngapi na amelipa kiasi gani. Akishaleta karatasi hiyo tunailinganisha na bei ya chombo, umeme, na fundi. Aseme pia nani atakitumia akiwa yeye hayupo, na kitawekwa wapi watoto wasikifikie.

Masharti hayo yaliwachuja watu bila ugomvi. Baadhi walianza kuandika, wiki ya pili wakaona nazi zao ni chache, wakaliacha daftari. Wengine waliona kumlipa kijana wa sokoni ni nafuu kuliko kuwa na mota ya kutunza. Waliobaki ni wapishi wa kuuza. Wawili kati yao waliamua kununua mashine moja kwa ubia, kwa vile mmoja anapika asubuhi na mwenzake jioni, na majirani nao wakaanza kupeleka nazi zao hapo kwa malipo kidogo. Mtunza hazina wetu, yule wa kitu cha anasa, ndiye aliyetia saini mkopo huo, na marejesho yake aliyafuatilia kama anavyofuatilia ya kila mtu, bila huruma.

Mbuzi za majumbani bado zipo. Siku umeme unapokatika wale wabia wawili huja kuziazima, mbili au tatu kwa mpigo, na hupewa. Juzi walipokuja kwa mwalimu walimkuta mwanawe wa kiume wa darasa la sita amekaa juu ya mbuzi, jasho linamtoka, sinia limejaa nusu. Wakaambiwa wangoje amalize.